Kichomi cha Edinah

Phanice aliposimama kanisani Sabato ile, Lavender alidhani rafiki yake anakwenda chooni. Wakati wa maombi maalumu ulikuwa umefika, na mzee wa kanisa alikuwa ameuliza, kama kawaida yake, ni nani mwenye mgonjwa nyumbani. Mguu wa mzee mmoja ulikuwa umekwisha kutajwa. Mtoto aliyemeza kifungo alikuwa ametajwa pia, na kifungo chenyewe kilikuwa kimetoka, kwa hiyo watu walicheka kidogo na kusema amina.

"Mimi nina ombi," Phanice alisema kwa sauti yake ile isiyojua kunong'ona. "Tumwombee mamake Lavender. Ana kichomi. Hajatoka kitandani wiki nzima."

Vichwa viligeuka. Lavender, aliyekuwa amekaa benchi la mwisho karibu na mlango, akatazama viatu vyake. Kwa kunyamaza alikuwa fundi. Darasani alijua majibu mengi akayaacha yapite, yakatajwa na wengine, wao wakapigiwa makofi naye akapiga pamoja nao.

Uongo ule alikuwa ameusema kwa mtu mmoja tu. Wazazi wa Gredi ya Tisa walikuwa wameitwa shuleni wazungumze na walimu juu ya shule za sekondari, na kiti cha mzazi wa Lavender kikabaki kitupu. Baba yake, Joash, alikuwa kazini Itumbe, kwenye kiwanda cha chai, ambako hukaa hadi mwisho wa mwezi. Mama yake, Edinah, aliahidi kuja na hata akapiga gauni pasi, kisha gauni likashinda kwenye kamba naye akashinda kwa wapika pombe ya changaa wa kule chini mtoni. Walipotoka darasani Phanice akauliza, "Mamako yuko wapi?" na Lavender akajibu, "Ana kichomi." Neno lilimjia lenyewe. Kichomi kilikuwa ugonjwa mzuri. Kiliweza kumlaza mtu mzima, na hakikuwa na aibu ndani yake.

Sasa Eucabeth, mamake Phanice, alikuwa amesimama naye. Alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili, kiongozi wa Dorkasi, akina mama wa kusaidia wahitaji pale kanisani. Ndiye pia aliyeongoza egesangio, kikundi cha wanawake waliochumiana chai kwa zamu, leo shamba la huyu, wiki ijayo shamba la yule.

"Ndugu zangu," alisema, "kesho zamu ilikuwa yangu. Naiahirisha. Kesho egesangio tunakwenda kwa Edinah. Chai yake imezeeka, nimeiona nikipita. Mje na vikapu, na mwenye unga wa wimbi alete unga wa wimbi."

"Amina," kanisa likasema.

Lavender akahisi joto likimpanda kutoka shingoni hadi masikioni. Mara ya mwisho mama yake kuchuma chai na wanawake wale, walimkuta amelala katikati ya safu, kwenye shamba la huyo huyo Eucabeth, kikapu kikiwa nusu na mdomo ukiwa wazi. Lavender ndiye aliyeitwa kumchukua. Alimshika mkono wakapanda mlima, na nyuma yao hakuna aliyesema neno. Tangu siku ile Edinah hakuitwa tena, na Lavender akajifunza kupita njia ya juu ili asikutane na vikapu.

*

"Kwani nimekosea?" Phanice aliuliza wakiwa njiani kurudi. "Umenuna tangu wimbo wa mwisho."

"Sijanuna."

"Umenuna. Ukinuna pua yako inakuwa kama ya sungura."

"Ungeniuliza kwanza, Phanice."

"Nikuulize kama nimwombee mamako? Watu wanaombewa hata kuku, mimi nisimwombee mamako?"

Waliteremka kando ya mashamba ya chai, Phanice akihesabu makosa ya kwaya, hadi wakafika kwenye ua wa misipresi wa kina Lavender. Hapo Lavender akasimama, kama alivyosimama siku zote.

"Haya, tuonane," alisema.

"Tangu darasa la nne unaniacha hapa," Phanice alisema. "Mimi sijui hata choo chenu kinafanana vipi. Nikibanwa na haja hapa langoni, nife?"

"Nenda kwenu. Si mbali."

"Kesho nitaingia, upende usipende. Nakuja na egesangio." Akaondoka akiimba sauti ya pili ya wimbo ambao hakuna aliyekuwa akiimba sauti yake ya kwanza.

*

Edinah alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha jikoni akipukuchua maharagwe. Macho yalikuwa mekundu na kitambaa cha kichwa kimekaa upande, lakini alikuwa ameoga, na alipomwona bintiye akatabasamu kwa moyo wake wote. Hilo ndilo lililomtesa Lavender kuliko mengine. Kama mama yake angekuwa mtu mbaya, kazi ya kumchukia ingekuwa rahisi.

"Mahubiri yalikuwaje?"

"Mama, wewe unaumwa."

"Kichwa tu. Kitapoa."

"Hapana. Una kichomi." Lavender akabaki amesimama, Biblia mkononi. "Nilimwambia Phanice una kichomi, siku ile hukuja shuleni. Leo amesimama kanisani. Kesho egesangio wanakuja kuchuma chai yetu na kukuombea."

Edinah akaacha maharagwe. Halafu akacheka, kicheko kirefu kilichoishia kwenye kikohozi.

"Unaona? Hata kikohozi ninacho."

"Mama, si mzaha!"

"Najua si mzaha, mwanangu." Akaokota punje iliyoanguka, akaipuliza vumbi, akairudisha kwenye ungo. "Eucabeth anakuja hapa? Eucabeth mwenyewe?"

"Na wote. Kwa hiyo kesho utalala kitandani, ujifunike, usiongee sana. Wakiuliza, kifua kinauma ukivuta pumzi. Na leo usitoke. Ukitoka leo, kesho watakusikia harufu, na mimi sitarudi shuleni. Nakwambia kweli. Sitarudi."

Edinah akatikisa ungo. Kisha akasema polepole, "Gauni lile nilikuwa nimelipiga pasi."

"Nililiona."

"Nilisema nipitie pale kidogo tu, mikono itulie, nisije nikatetemeka mbele ya mwalimu wako." Akachukua ganda jingine. "Sawa. Leo sitoki. Nimekuaibisha nikiwa nimesimama, kulala kitandani kutanishinda?"

Na kweli hakutoka. Jioni jirani mmoja alipita akamwita kwa mluzi kutoka njiani, ule mluzi waliozoea, na Edinah akaketi juu ya mikono yake kama mtoto aliyekatazwa sukari. Lavender alijifanya anafagia. Mluzi ulirudiwa, kisha ukakoma. Lavender akalala na furaha ya ajabu, akiwaza kwamba uongo wake umefanya ambacho machozi ya baba na barua za kanisa havikuweza.

*

Asubuhi alimkuta mama yake amekaa kitandani, shuka limelowa jasho. Mikono ilikuwa ikitetemeka hadi kikombe cha maji kikagonga meno. Midomo ilikuwa myeupe.

"Unaigiza vizuri," Lavender alisema, akijaribu kutabasamu.

"Siigizi," Edinah alisema.

Kabla hajajua la kufanya, akasikia sauti langoni. Walikuwa wanakuja kwenye mstari, vikapu mgongoni, aproni za plastiki kiunoni kwa ajili ya umande. Mmoja alibeba sufuria ya uji imefunikwa kwa jani la mgomba, mwingine mkate na sukari. Phanice alikuwa katikati, akigeuza kichwa huku na huku kama mgeni wa serikali. Mbele ya wote, kwa fimbo yake, alikuwa magokoro Nyakerario, bibi ambaye hakuchuma chai tena siku hizi bali alikwenda na egesangio kila mahali, akakaa kivulini na kuwaambia wanavyokosea.

"Mgonjwa yuko wapi?" aliuliza kabla ya salamu.

Walijaa chumbani. Waliobaki nje walichungulia dirishani. Eucabeth akapiga magoti akaomba, na sala yake ilikuwa ndefu, ikapita kwenye mapafu ya Edinah, upande wa kulia na wa kushoto, ikakemea maji, ikakemea usaha. Edinah alifumba macho. Lavender hakuyafumba. Aliona jinsi mama yake alivyotetemeka, na jinsi wanawake walivyotazamana.

"Huyu si mtu wa kuombewa tu," Eucabeth alisema aliponyanyuka. "Huyu anatakiwa hospitali. Mokeira, njoo umwone."

Mokeira, mmoja wa wachumaji, alikuwa mhudumu wa afya ya jamii. Alikuja na mkoba wake wa bluu, akakaa kando ya kitanda, akashika kiganja cha mgonjwa. Kisha akamgeukia Lavender.

"Kifua kilianza lini?"

"Wiki iliyopita."

"Anakohoa makohozi?"

"Kidogo."

"Yana rangi gani?"

"Ya... kawaida."

"Ametumia dawa yoyote? Kuna kitu amekuwa akinywa halafu akaacha?"

Lilikuwa swali la kawaida tu, pengine aliwauliza wote. Lakini kutoka dirishani Phanice alikuwa akitazama. Lavender alitazama mkono wa mama yake ukiruka ruka juu ya blanketi. Edinah alikuwa amefumbua macho. Akatikisa kichwa kidogo, na Lavender akaelewa maana yake. Mama yake alikuwa tayari kubebwa hadi hospitali, adungwe sindano za kichomi asichokuwa nacho, ili tu bintiye asiaibike mbele ya watu.

"Hana kichomi," Lavender alisema.

Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. Labda ilikuwa imekaa ndani muda mrefu mno.

"Hana kichomi. Nilidanganya. Mama anakunywa. Anakunywa kila siku, hata siku ya mkutano wa wazazi alikuwa huko. Jana nilimkataza, hakunywa, na leo ameamka hivi. Si yeye aliyewadanganya, ni mimi. Sikutaka..." Alisubiri wanawake wachukue vikapu vyao.

Hakuna aliyesogea. Wa kwanza kusema alikuwa Nyakerario, aliyekuwa kwenye kigoda mlangoni.

"Mtoto, mimi nimewauguza watu wa kichomi tangu mama yako hajazaliwa. Kichomi hakinuki hivi."

Mtu mmoja akashikwa na kicheko, akakizuia kwa mkono, kikatokea puani. Na Edinah, kutoka chini ya blanketi, akaanza kucheka pia, huku machozi yakimteremka kuelekea masikioni.

"Mlijua?" Lavender aliuliza.

"Mtaa mzima unajua," Eucabeth alisema. "Si alilala kwangu kwenye chai?"

"Sasa kwa nini mlikuja?"

Eucabeth alikunja khanga yake, akaikunjua. "Mwanamke akizaa, tunajua njia ya kuingia kwake. Akifiwa, tunajua. Akiugua, tunabeba uji. Akilewa..." Akamtazama Edinah, kisha akatazama chini, mwanamke mkubwa yule, kana kwamba ndiye aliyekuwa na hatia. "Akilewa tunapita nje tukitazama kando. Phanice aliposema kichomi, nikasema haya, leo tumepata mlango. Kiwe kichomi, kiwe nini, tutaingia."

"Mngeniita tu," Edinah alisema kwa sauti ndogo. "Wakati ule. Mngenigombeza, mngenipiga na kikapu. Lakini mkanyamaza."

"Tulinyamaza," Eucabeth alisema. "Ni kweli."

"Mtalia baadaye," Mokeira akakata maneno. Alikuwa amekwisha kufungua mkoba. "Lavender, asante. Ningempeleka mahali wampe dawa ya kifua wakati tatizo liko kwingine. Mtu aliyezoea kunywa akiacha ghafla anaweza hata kuanguka kifafa. Kumwambia aache peke yake ndani ya nyumba, hilo usirudie. Si kosa lako, hukujua. Sasa namwita mtu wa pikipiki, twende naye kituo cha afya. Kuna daktari mmoja pale namjua, hatagomba. Edinah, utakubali?"

Edinah alimtazama bintiye.

"Nivae gauni lipi?" aliuliza.

"Lile la pasi," Lavender alisema.

*

Pikipiki ilipoondoka, Edinah katikati na Mokeira nyuma akimshikilia, Lavender alibaki nyuma ya jiko. Hakujua aweke wapi uso wake. Huko shambani wanawake walikuwa wamejipanga kwenye safu, na vidole vilikuwa vimeanza kazi. Aliwasikia wakibishana na Nyakerario kama majani yale yalikuwa magumu au yamekomaa tu.

Phanice alimkuta hapo.

"Wewe," alisema. "Umenifanya nimdanganye Mungu hadharani."

"Nisamehe."

"Na mzee wa kanisa aliandika kichomi cha mamako kwenye karatasi ya maombi."

"Phanice, nisamehe. Lakini hata wewe ulijua anakunywa. Si ulikuwepo siku ile alipolala kwenu?"

"Nilikuwepo. Nilijua anakunywa."

"Basi kwa nini uliamini kichomi?"

Phanice akamtazama kana kwamba swali lenyewe ni la kijinga. "Kwani mlevi hapati kichomi?"

Lavender akafungua mdomo kumjibu. Halafu kicheko kikamshika tumboni, kikamkunja, akashika ukuta wa jikoni. Phanice alicheka pia, ingawa hakuelewa kichekesho kiko wapi, na akaendelea kucheka hadi akakunja miguu.

"Acha sasa, acha! Nimebanwa. Choo chenu kiko wapi?"

Lavender akamwonyesha: nyuma ya migomba, mlango wa mabati, uufunge na waya kwa ndani. Phanice akakimbia. Aliporudi alikuwa na uso wa mtu aliyevunjwa moyo.

"Miaka yote hii," alisema, "nilifikiri mnaficha kitu. Kumbe ni choo tu, kama chetu. Chetu hata kina nzi zaidi."

*

Eucabeth alikuwa amesimama mwisho wa shamba, kwenye safu za chini.

"Lavender! Njoo hapa. Hizi safu mbili zimechumwa vizuri, juu pamenyooka kama meza. Joash aliajiri mtu?"

"Ni mimi," Lavender alisema. "Huwa nachuma kidogo asubuhi kabla ya shule. Siwezi kumaliza zote."

"Wewe?" Eucabeth akainama akaangalia tena, akapitisha kiganja juu ya mimea kama mtu anayepapasa kitambaa dukani. "Magokoro, umeona hizi?"

"Nimeona," Nyakerario alijibu kutoka kivulini. "Wewe mwenyewe umri huo ulikuwa ukichuma na vijiti."

Wanawake wakacheka. Lavender hakujua afanye nini na mikono yake. Hakuzoea kusifiwa, na sifa ilimkaa kama sweta jipya, lenye joto na la kuwasha.

"Sikiliza," Eucabeth alisema, na sasa sauti yake ilikuwa ile ya kazi. "Tunachofanya hapa si sadaka. Egesangio ni kuchumiwa na kuchuma. Jumapili ijayo tuko kwangu. Zamu ya nyumba hii atakuja kuilipa nani? Mama yako nitamsubiri apone, hata ikichukua muda, na kuna wiki atashindwa, mimi si mtoto. Lakini safu yake haiwezi kubaki wazi."

Lavender alijua kwamba angeweza kusema, muulizeni baba akija. Angeweza kunyamaza, na Eucabeth angepata mtu mwingine, na mambo yangekwisha. Wanawake walikuwa wamesimamisha vidole. Walikuwa wakimsubiri yeye.

"Nitakuja mimi," alisema.

"Saa moja, kabla umande haujakauka. Na uje na kikapu chako. Cha mama yako ni kikubwa, kitakuvunja mgongo."

"Kidogo sina."

"Nina cha Phanice, yeye hakitumii. Anachuma nusu kilo, halafu anaanza kuimba."

"Nimesikia!" Phanice akapaza sauti kutoka jikoni, ambako alikuwa akimimina uji kwenye vikombe vya watu bila kuuliza kipi ni cha nani.

Jioni Edinah alirudi kwa pikipiki ile ile, gauni limekunjamana, na mfuko wa karatasi wa dawa mkononi. Kesho angerudi kituoni, na kesho kutwa, Mokeira alisema, na Joash alikuwa njiani kutoka Itumbe. Edinah alisimama langoni. Shamba lake la chai lilikuwa tambarare, kijani kibichi, kama kichwa kilichonyolewa jana.

"Nani ameingia hadi jikoni?" aliuliza, maana vikombe vilikuwa vimepangwa mahali pasipo pake.

"Phanice."

"Na umemruhusu?"

"Alibanwa," Lavender alisema, akampokea mama yake mfuko, akamshika mkono. Waliteremka pamoja kuelekea nyumbani, na lango nyuma yao Lavender hakulifunga, maana Phanice alikuwa amesema atarudi na kikapu kabla ya giza.